Mgonjwa wa Saratani Aelezwe Majaribio ya Dawa kwa Lugha Aijuayo

Mkenya anapoambiwa na daktari kwamba ana saratani ya mapafu, mambo mawili humfika kwa pamoja: hofu ya kifo na lugha asiyoielewa. Kuhusu hofu, matabibu na viongozi wa dini wana la kusema. Mimi nitazungumzia lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na kwa kuwa nimeshawishika kwamba lugha ni mojawapo ya sababu zinazowafanya wagonjwa wetu ama kuyakimbia majaribio ya dawa mpya ama kuyaingia wakiwa wamefumba macho. Yote mawili ni hasara, na hasara hiyo huhesabiwa kwa roho za watu.

Kwa mujibu wa takwimu za shirika la kimataifa linaloshughulikia utafiti wa saratani, mwaka 2022 watu wapatao milioni 1.8 duniani waliaga dunia kutokana na saratani ya mapafu. Hakuna saratani nyingine iliyoua wengi kiasi hicho. Hapa Kenya tunasikia zaidi habari za saratani ya matiti, ya mlango wa kizazi, ya tezi dume na ya umio, na ni kweli kwamba hizo ndizo zinazoongoza katika hesabu zetu. Lakini hesabu huhesabu kilichotambuliwa tu, na hapo ndipo lugha inapoanza kutusaliti.

Lizingatie neno kifua. Mswahili husema fulani "ana kifua", na kwa neno hilo moja amekusanya kikohozi, pumu, nimonia na hata TB. TB yenyewe tuliipa jina la kifua kikuu, kana kwamba tumekwisha kuvipanga vifua vyote kwa ukubwa na kukiona hicho kuwa ndicho mfalme wao. Basi mtu akikohoa miezi miwili, akakonda, akatema damu, yeye mwenyewe na majirani zake humpa ugonjwa wake jina lililo karibu. Mara nyingi hata kituo cha afya hufanya vivyo hivyo. Huanzishiwa dawa za kifua kikuu, akazimeza kwa uaminifu, na hali isipobadilika ndipo anapotumwa hospitali kubwa na kuambiwa kwamba kilichomo mapafuni ni uvimbe. Simlaumu tabibu wa zahanati. Magonjwa haya mawili hufanana kwa dalili na hata katika picha ya eksirei, naye hana kifaa kingine. Ninachosema ni kwamba saratani ya mapafu haina makao katika mazungumzo yetu ya kila siku. Aidha, wengi huamini kuwa ni ugonjwa wa wavuta sigara pekee, hivi kwamba mama ambaye hajawahi kugusa sigara hafikirii kabisa kuwa anaweza kuupata.

Mgonjwa wa namna hiyo hufika kwa mtaalamu akiwa amechelewa. Katika hali hiyo ya kuchelewa ndipo, kwa nchi zilizoendelea, angeulizwa kama angependa kushiriki katika jaribio la dawa mpya. Majaribio mengi ya saratani ya mapafu hufanyika Marekani, Ulaya, China na Japani. Kwetu ni nadra mno. Lakini hayataendelea kuwa nadra milele, kwani hospitali zetu zinazidi kupata wataalamu na vifaa, na kampuni za dawa zinazidi kutafuta wagonjwa. Kabla ya siku hiyo kutufikia, ni vyema tujiulize tutamweleza nini huyo mama, na kwa maneno gani.

Kwanza tuelewe kwa nini majaribio yanahitajika. Kuna watu, hata miongoni mwa waliosoma, wanaodhani kwamba daktari mwenye busara anaweza kujua dawa nzuri kwa kuitazama. Nchini Ufini, watafiti walitambua kwamba watu wanaokula mboga na matunda kwa wingi hawapatwi sana na saratani ya mapafu. Ikadhaniwa kwamba siri imo katika beta-karotini, kirutubisho kinachoipa karoti rangi yake. Kuanzia mwaka 1985, wanaume 29,133 wavutaji sigara, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, waligawanywa katika makundi. Wengine wakapewa vidonge vyenye kirutubisho hicho, wengine vidonge visivyokuwa nacho. Kila mtu alitarajia habari njema. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1994, ilibainika kwamba waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kuliko wenzao kwa asilimia 18. Jaribio jingine la aina hiyo nchini Marekani likasimamishwa Januari 1996, kabla ya wakati wake, kwa sababu hiyo hiyo. Lau si majaribio hayo, pengine leo tungekuwa tunawauzia wavuta sigara vidonge vya karoti kwa nia njema kabisa.

Hao walikuwa watu wazima wasio na saratani. Kwa waliokwisha kuugua, mfano wangu ni dawa iitwayo gefitinib, kidonge ambacho mgonjwa humeza nyumbani. Dawa hiyo ilikuwa imewashangaza madaktari: wagonjwa wachache walipata nafuu ya ajabu, na wengi hawakupata lolote. Jaribio lililofanywa katika nchi za mashariki mwa Asia, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2009, lilishirikisha wagonjwa 1,217. Nusu walipewa kidonge, nusu kemotherapi, yaani zile dawa kali zinazotiwa kwenye mshipa. Miongoni mwa wale ambao uvimbe wao ulikuwa na mabadiliko fulani ya jeni, uvimbe ulinywea kwa wagonjwa 71 katika kila 100 waliopewa kidonge, dhidi ya 47 kwa waliopewa kemotherapi. Miongoni mwa wasio na mabadiliko hayo, kidonge kilimnufaisha mmoja tu katika kila 100, ilhali kemotherapi iliwanufaisha takriban 24. Dawa ile ile, ugonjwa wenye jina lile lile, na matokeo yaliyo mbali kama mbingu na ardhi! Mabadiliko hayo ya jeni hayagawanywi sawa miongoni mwa watu wa mataifa mbalimbali. Huko Asia hupatikana kwa wingi kuliko Ulaya. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba tungoje wengine wajaribiwe kisha tupewe dawa iliyo tayari, afahamu kwamba majibu mengine hayaazimwi Tokyo wala Boston.

Isitoshe, sisi si wageni katika jambo hili. Jaribio linalohesabiwa kuwa mwanzo wa utaratibu wa kisasa lilihusu mapafu: lilikuwa la streptomisini kwa wagonjwa wa kifua kikuu nchini Uingereza, na matokeo yake yalitolewa mwaka 1948. Kati ya wagonjwa 55 waliopewa dawa, 4 walikufa katika miezi sita; kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu, walikufa 14. Mwanatakwimu aliyelipanga, Austin Bradford Hill, ndiye ambaye mwaka 1950, akiwa pamoja na Richard Doll, alionyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Kisha, kuanzia mwaka 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika majaribio yaliyoendeshwa na watafiti wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Hayo ndiyo yaliyoonyesha kwamba rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa, matibabu ya miezi 6 yanaweza kutosha mahali pa miezi 18. Mgonjwa wa kifua kikuu anayepona leo kwa miezi 6, awe Lima au London, ana deni kwa mapafu ya wazee wetu. Sijaona kitabu cha shule kinachowaambia wanafunzi wetu habari hiyo, na natamani kukiona.

Hata hivyo, historia hiyo ina upande wake wa giza. Wale wagonjwa 52 wa Uingereza hawakuambiwa kamwe kwamba wao ni kundi la kulinganishia. Huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, wanaume Weusi wapatao 600 walifuatiliwa ili kutazama jinsi kaswende inavyomla binadamu asiyetibiwa. 399 kati yao walikuwa nayo. Penisilini ilipojulikana kuwa tiba, hawakupewa. Nao waliambiwa wana nini? Waliambiwa wana "damu mbaya". Msomaji na atafakari maneno hayo mawili. Hayakuwa uongo mtupu, kwa maana watu wa kule waliyatumia kwa maradhi mengi, kama sisi tunavyotumia kifua. Lakini yalitosha kuwafunga watu gizani kwa miaka 40. Kwa hiyo bibi wa Pwani anaposikia habari za kutolewa damu kwa ajili ya utafiti na kukumbuka hadithi za mumiani, tusimcheke. Ameuliza swali la maana kwa lugha aliyorithi.

Mwaka 1964 madaktari wa dunia walitoa Azimio la Helsinki, ambalo msingi wake mmojawapo ni kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeingizwa katika utafiti wa tiba bila ridhaa yake, akiisha kuelezwa na kuelewa. Azimio hilo limerekebishwa mara kadhaa, na katika marekebisho ya Oktoba 2024 walibadilisha hata jina la mtu anayefanyiwa utafiti: zamani alikuwa mtu anayetendwa, sasa anaitwa mshiriki. Mwanafunzi wa sarufi atafurahi kuona madaktari wakihangaika na tofauti ya mtenda na mtendwa. Lakini kubadilisha jina la mtu ni jambo jepesi. Je, huyo mshiriki anaelewa anachoshiriki?

Miaka michache iliyopita niliombwa nipitie tafsiri ya fomu ya ridhaa ya utafiti mmoja wa saratani. Sitaitaja taasisi hiyo. Makosa yake ni ya wengi. Kidonge kisicho na dawa kiliitwa "dawa bandia". Katika Kiswahili cha sokoni, dawa bandia ni ile inayouzwa na walaghai, ambayo serikali huiteketeza mbele ya waandishi wa habari. Nani mwenye akili angetia sahihi akubali kupewa hiyo? Fauka ya hayo, fomu haikueleza jambo la muhimu: kwamba katika majaribio ya saratani ni nadra mgonjwa kuachwa na kidonge kitupu peke yake pale ambapo tiba inayojulikana ipo. Kwa kawaida dawa mpya hulinganishwa na tiba bora iliyopo au huongezwa juu yake. "Kidonge kisicho na dawa ndani yake" ni maneno sita, na yanaeleweka Lamu hadi Lodwar.

Makundi nayo yalisemekana kupangwa "kwa njia ya bahati nasibu". Msikilizaji huona tikiti na zawadi. Atakayepangiwa dawa mpya atajiona ameshinda gari, na atakayepangiwa tiba ya kawaida atarudi nyumbani akijua kwamba hata Mungu amemkataa. Neno kura lingefaa, maana kupiga kura asili yake ni huko kupangiana mambo bila upendeleo. Lakini wanasiasa wamekwisha kuliteka, na mgonjwa angeuliza mpinzani wake ni nani. Mimi naona hapa tusihangaike na istilahi. Tuseme sentensi: "Kompyuta itakuweka katika kundi moja kati ya mawili. Wewe hutachagua, wala daktari wako. Bado hatujui ni kundi lipi litakalopata nafuu zaidi. Tungalijua, tusingalifanya utafiti huu."

Neno "hatujui" ndilo kiini cha mambo yote haya, na ndilo lililokosekana katika fomu nzima. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na ni ushauri mzuri kwa anayejua kwamba mbacha wake ni mzuri. Jaribio la tiba hufanywa palipo na shaka ya kweli kati ya mbacha na msala. Shaka hiyo ikifichwa, mgonjwa amedanganywa, hata kama kila neno lililoandikwa ni sahihi. Na Kiswahili chetu huirahisisha kazi ya kuificha, kwa sababu ya neno dawa. Dawa kwetu ni kitu kinachofanya kazi. Tuna dawa ya mbu, dawa ya viatu, dawa ya deni. Mtu husema "dawa ya moto ni moto" akimaanisha kwamba nguvu hukabiliwa kwa nguvu. Ukimwambia mgonjwa mahututi kwamba utampa "dawa mpya", amekwisha kusikia kupona. Kiambishe neno majaribio ukipenda, hatalisikia. Au, kama ni mtu wa kanisani, atalisikia pamoja na ndugu yake majaribu, na ataona kwamba anapimwa imani.

Kosa lililonifurahisha kitaaluma, na kunisikitisha kama binadamu, lilikuwa dogo kuliko yote. Fomu ilisema: "Una haki ya kujitolea wakati wowote bila kupoteza huduma zako." Aliyeandika alikusudia kujitoa, yaani kuondoka. Walimu wenzangu, hapa ndipo kauli ya kutendea inapoacha kuwa mada ya mtihani. Kujitoa ni kuondoka; kujitolea ni kuingia kwa hiari. Silabi moja, na haki ya mgonjwa kuondoka katika utafiti imegeuzwa kuwa mwaliko wa kuingia. Hata kujitoa kwenyewe hakutoshi, kwa kuwa kuna wanaolitumia kwa maana ya kujitoa mhanga. "Unaweza kuacha wakati wowote" lingemfaa kila mtu.

Najua majibu yatakayotolewa. Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha za sayansi. Hoja hii ni kuukuu, nami nimechoka nayo. Hakuna hata kosa moja kati ya niliyoyataja lililotokana na uhaba wa maneno. Yote yametokana na kutafsiri neno kwa neno bila kumfikiria anayesikiliza. Neno saratani lenyewe ni la Kiarabu na maana yake ni kaa, yule wa baharini, kama ilivyo katika Kilatini na Kigiriki. Lugha zote hizo zilianza na mnyama mwenye magando na zikafika hospitalini. Wengine watasema kwamba wagonjwa wengi hawajui hata Kiswahili, wanajua Kiturkana au Kikamba. Ni kweli, na kwao ielezwe kwa Kiturkana au Kikamba.

Hoja iliyo nzito ni ya wale wanaouliza: mbona tuzungumzie majaribio hali mgonjwa hana hata fedha za kipimo cha kawaida, wala kipande cha nyama kutoka mapafuni mwake hakichunguzwi kwa wakati? Nakubaliana nao kwa sehemu. Jaribio la dawa si badala ya hospitali, na serikali isije ikayafanya kuwa kisingizio. Hata hivyo ukosefu huo ndio unaoifanya ridhaa kuwa jambo la kulindwa zaidi. Asiye na njia nyingine ya kutibiwa hutia sahihi haraka. Anahitaji kuambiwa wazi, kabla ya kushika kalamu, ni nani atakayelipia vipimo, na utafiti ukiisha huku dawa ikiwa inamsaidia, kama ataendelea kuipata au ataachwa njiani. Azimio la Helsinki linataka suala hilo lipangwe mapema. Mgonjwa anapaswa kulijua ili alidai.

Sheria zipo. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu, faida na hatari zake, kwa lugha anayoielewa, "panapowezekana". Hilo "panapowezekana" ni mlango mpana mno, na wengi wamepita humo wakiwa wamebeba fomu za Kiingereza zenye kurasa ishirini.

Ninapendekeza basi kwamba kila kamati ya maadili inayoidhinisha utafiti wa tiba iwe na mtaalamu wa lugha, si wa kuja kusahihisha herufi siku ya mwisho, bali wa kusoma fomu kabla haijapelekwa kwa mgonjwa na kurudi kuuliza mgonjwa alielewa nini. Idara za Kiswahili vyuoni zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka, nasi tunaendelea kuwaruhusu waandike juu ya wahusika wa riwaya zile zile. Wapelekwe wadini. Walimu wa shule za upili nao wanaweza kumpa mwanafunzi zoezi la kufupisha maelezo ya dawa kwa ajili ya nyanya yake. Nyanya akitikisa kichwa, zoezi lirudiwe.

Na daktari, akimaliza kueleza, asiulize "umeelewa?" Katika adabu zetu swali hilo lina jibu moja tu, hasa mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe. Amwombe mgonjwa, kwa heshima, ayasimulie mambo hayo kwa maneno yake mwenyewe, kama atakavyomsimulia mumewe au kaka yake jioni. Akisema, "Watanipa dawa mpya itakayoniponya kifua," basi kalamu irudishwe mfukoni na mazungumzo yaanze upya.